“Ukuta uko tayari, wewe chora tu”

Hivyo ndivyo wateja wengi wanaotaka mtaa wao upendeze wanavyoniambia mimi, mchoraji wa michoro ya ukutani. Ukuta hauko tayari. Aghalabu umepigwa lipu juzi, au unanyonya maji ya mfereji wa paa uliotoboka, huku mwenyewe akibishana nami kuhusu rangi ya anga.

Wanaamini mchoro ukibanduka, rangi ilikuwa feki. Mara nyingi ubaya uko nyuma ya rangi. Lipu mpya ya saruji ina alkali kali, yaani kinyume cha asidi: pH yake, kipimo cha ukali huo, hufika 12 hata 13. Ipake rangi ya mafuta, nayo alkali itageuza mafuta hayo kuwa kitu kama sabuni: rangi inanata, inalainika, inabanduka. Ipe lipu siku 28, kisha praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) inayostahimili alkali, kisha akriliki, rangi ya maji. Maji nayo yakipenya ukutani huyeyusha chumvi, yakikauka huiacha juu. Ndiyo ule unga mweupe. Ukiufunika kwa rangi, rangi imeshika unga, haikushika ukuta, hata ungenunua kopo la bei gani.

Kabla hujanipigia simu, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe pande zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, aanze fundi bomba, si mimi. (Na mnaotaka nyekundu ya bei rahisi kwenye ukuta unaopigwa jua mchana kutwa: itapauka. Rangi za oksidi ya chuma, zile za udongo, hudumu.)

Wateja hao huniambia pia: “Mchoro utawaita wachafuzi wa kuta.” Mradi wa michoro ya ukutani wa jiji la Philadelphia, Marekani, ulianza 1984 kwa kuwapa vijana waliokuwa wakichafua kuta za jiji kazi ya kuzichora. Bado upo.

“Ni pambo tu.” Utafiti wa Bloomberg Philanthropies uliotoka 2022 ulipima sehemu 17 za barabara za Marekani zilizopambwa kwa michoro juu ya lami: ajali zilizohusisha waenda kwa miguu na waendesha baiskeli zilipungua kwa asilimia 50.

“Watu watazoea.” Tilted Arc, sanamu ya msanii Richard Serra, ukuta wa chuma uliokatiza uwanja wa ofisi za serikali New York mwaka 1981, haikuzoeleka. Waliofanya kazi pale walilalamika hadi ikakatwa na kuondolewa mwaka 1989. Kwa hiyo nikiomba kwanza kuzungumza na wanaopita hapo kila siku, usiniambie nakupotezea muda.