Mandhari meusi na chaji ya simu

Barazani hapa Langoni, Lamu, wengi huamini kwamba programu inayokubali kugeuzwa iwe nyeusi hula chaji kidogo kwenye simu yoyote. Wapo walioacha programu waliyoizoea kwa sababu hiyo tu. Imani hii ina msingi, ila haizihusu simu zote.

Jambo lenyewe liko kwenye kioo. Kioo cha OLED huwaka chenyewe, nukta kwa nukta; palipo na weusi kamili nukta huzimika. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake, na taa hiyo huwaka muda wote, maandishi yawe juu ya weupe au weusi. Ni sawa na kufunga dirisha huku karabai inawaka chumbani: mafuta yanayoungua ni yale yale.

Kujua simu yako ina kioo kipi, ngoja usiku. Zima taa, fungua picha nyeusi tupu ijae kioo chote, ongeza mwanga hadi mwisho. Kioo kikipotea gizani usione hata ukingo wake, ni OLED. Ukiona ukungu wa kijivu, pengine mwanga ukivuja pembeni, ni LCD.

Hata kwenye OLED, faida huonekana zaidi mwanga ukiwa juu, kama mchana pale gatini. Mwanga ukiwa chini, tofauti ni ndogo. Fungua sehemu ya betri kwenye mipangilio uone kila programu imekula kiasi gani. Mwenye LCD anayetaka chaji ifike Isha apunguze mwanga wa kioo, maana hapo ndipo ile taa ya nyuma hupungua kweli.