Kostiki soda na sabuni ya mawese: maswali na majibu kwa watengenezaji wa Kigoma

Katika mkoa wetu wa Kigoma, sabuni ya mawese na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) ni kazi inayolisha nyumba nyingi na kuwalipia watoto ada, kuanzia Ujiji na Mwanga hadi vijiji vya Kasulu na Uvinza. Mimi ni muuguzi, na kazi hiyo naiheshimu. Kinachonisikitisha ni majeraha ya kostiki soda tunayoletewa, hasa yale ambayo yangekuwa madogo kama mgonjwa angemwagiwa maji pale pale, lakini yanatufikia yakiwa yamepakwa ndimu, asali au dawa ya meno, tena baada ya siku nzima kupita. Maswali yaliyomo humu ni yale ninayoulizwa mara kwa mara na akina mama na vijana wa vikundi vya sabuni.

Kostiki soda ni nini hasa? Si ni magadi tu yaliyo makali zaidi?

Si magadi. Magadi ya kupikia maharage ni kitu kingine na ukali wake ni mdogo. Kostiki soda ni kemikali kali inayokuja kama vipande vyeupe au punje, huvuta unyevu wa hewani, na ikikutana na maji hutoa joto kubwa. Hiyo ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ngozi ya binadamu nayo ina mafuta, kwa hiyo kostiki huifanyia kazi ile ile, na haiishii juu bali huendelea kupenya ndani kadiri inavyoachwa.

Ikimrukia mtu mkononi, je, ni kweli kwamba ndimu au siki huikata makali?

Hapana. Tafadhali, jambo hili lifike katika kila kikundi: usipake ndimu, usipake limao, usipake siki. Najua mantiki yake, kwamba chachu huua uchungu wa kostiki, na ndani ya beseni la sabuni ni kweli kwamba maji ya limao hupunguza nguvu yake. Juu ya ngozi iliyokwisha kuungua mambo ni tofauti, kwa sababu chachu na kostiki zikikutana hutoa joto jipya juu ya jeraha, na baya zaidi ni kwamba dakika zile za kutafuta ndimu sokoni au kwa jirani ndizo kostiki inazotumia kushuka chini ya ngozi.

Dawa ni maji. Ikiwa ni vipande vikavu, vipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha mimina maji safi mengi mahali palipoungua kwa muda usiopungua nusu saa. Mvue mgonjwa nguo, pete, bangili na viatu vilivyolowa huku maji yakiendelea kumiminwa. Kama hakuna bomba, tumia ndoo na kopo, na majirani wapokezane kuchota. Usisubiri maji yachemshwe wala yapoe, na kama yaliyopo ni ya kisima au ya ziwa, tumia hayo hayo. Baada ya hapo funika jeraha kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asali, ute wa yai, unga wa ngano, dawa ya meno na mawese vibaki jikoni, maana vyote hivyo tunalazimika kuvikwangua juu ya nyama iliyo wazi kabla hatujaweza hata kuliona jeraha lenyewe.

Na ikiingia jichoni? Wazee husema maziwa ya mama hupoza.

Maziwa ya mama hayaoshi kostiki. Matone machache ya kitu chochote hayawezi kuiosha. Kostiki hupita kwenye kioo cha jicho na kuingia ndani kwa dakika chache tu, na kioo kikishaungua kinaweza kubaki na ukungu mweupe maisha yote. Kwa hiyo jibu ni lile lile, tena kwa haraka zaidi: maji, mengi, sasa hivi, kwa nusu saa au zaidi. Mlaze mgonjwa au muinamishe ili jicho lililopatwa liwe upande wa chini na maji yasitiririkie lile jicho lisilopatwa. Mtu mmoja ashike kope za juu na chini kwa vidole na kuzifungua, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuzifungua mwenyewe kutokana na maumivu, na mwingine amimine maji taratibu bila kukatiza. Akilia, endelea. Akisema limepoa, endelea. Ukimaliza, apelekwe hospitali moja kwa moja, na mkiweza muendelee kulimwagia maji njiani.

Ndimu jichoni ni kuongeza kuungua juu ya kuungua, na sitaki kuona tena jicho lililofanyiwa hivyo.

Mtoto amekunywa maji ya kostiki. Tumpe mawese ili atapike?

Msimpe. Msimtapishe kwa mawese, kwa maziwa, kwa maji ya chumvi wala kwa kumtia kidole kooni. Kostiki huunguza koo inaposhuka, na mkimtapisha itaunguza mara ya pili inapopanda, na huweza pia kuingia kwenye mapafu. Imani ya kwamba mawese huua kila sumu imeenea mno huku kwetu kwa sababu mawese yapo kila nyumba, na watoto ndio wanaolipa gharama yake. Ndimu nayo isiingie hapo kabisa.

Ninavyowaona watoto hawa wanapofika, dalili huwa wazi: mtoto ameinamisha kichwa, mate yanachuruzika kifuani hadi gauni limelowa, hataki kumeza hata mate yake mwenyewe, na midomo imevimba ikiwa na weupe kama ukoko. Mama ameshika chupa ya soda iliyobakiwa na kimiminika kisicho na rangi, kinachofanana na maji kwa kila hali. Kwa kweli kuileta ile chupa ni jambo jema, kwani inatuonyesha alichokunywa na kiasi cha kukisia.

Mwosheni mtoto mdomo na uso kwa maji na mumwache ateme, msimlazimishe kula wala kunywa chochote, kisha mbebeni mara moja. Kama kituo chenu ni kidogo, msishangae mkiandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa pale Maweni, na msipitie nyumbani kwanza kujadiliana na ukoo. Kuna wazazi wanaobaki nyumbani kwa sababu mdomo wa mtoto unaonekana mzima. Mdomo unaweza kuonekana mzima huku njia ya chakula imeungua, na wiki kadhaa baadaye ile njia hujikunja kwa kovu na kuwa nyembamba, mtoto akashindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji. Wakati huo matibabu huwa marefu na yenye kuumiza.

Basi tuihifadhi na kuiyeyusha namna gani?

Chupa za soda, za maji ya kunywa na za juisi zisitumike kamwe kuwekea kostiki, hata kwa saa moja, hata kama umeziandika, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hasomi. Weka kostiki kavu kwenye chombo chake chenye mfuniko mgumu, mahali pa juu panapofungwa kwa ufunguo, na uyeyushe kiasi cha kutumika siku hiyo tu.

Unapoyeyusha, tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, kwani joto hupanda ghafla na mchanganyiko ukaruka usoni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini haifai, maana kostiki huila, hutoa povu pamoja na hewa inayoshika moto, na mwishoni sufuria hutoboka. Fanyia kazi nje au penye upepo, ukiwa umevaa glavu za mpira, miwani ya kujikinga, mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili si viatu vya kazi hii. Ndoo ya maji safi iwe pembeni yako kabla hujafungua pakiti, na watoto wawe wamekwisha kuondoka uani.

Nipime kiasi gani cha kostiki? Mwenzangu hutumia kikombe.

Kikombe ndicho chanzo cha sabuni nyingi zinazochubua. Kikombe cha vipande na kikombe cha punje havina uzito sawa, na kostiki iliyokaa wazi imevuta unyevu, kwa hiyo nguvu yake imepungua. Nunueni mzani, hata kama ni wa kikundi kizima, na mpime kila kitu kwa gramu, mafuta pamoja na maji.

Kila aina ya mafuta ina kiwango chake. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 134 za kostiki, kilo moja ya mise takriban 165, na ya nazi takriban 174. Viwango hivi tayari vimepunguzwa kwa asilimia 5 hivi ili yabaki mafuta kidogo ya kuilinda ngozi. Ukichanganya gramu 700 za mawese na 300 za mise, utahitaji takriban gramu 143, na maji yawe kama mara mbili ya uzito wa kostiki au zaidi kidogo. Mise hutoa povu zuri lakini ikizidi hukausha ngozi, ndiyo maana kwa sabuni ya kuogea napendelea isivuke theluthi moja ya mafuta yote. Anayebadilisha aina ya mafuta bila kubadilisha kostiki anatengeneza sabuni nyingine kabisa, akijua au asijue.

Sabuni ikitoka na kasoro, nitajuaje iliyo ya hatari?

Unga mwembamba mweupe juu ya kipande, ulioletwa na hewa, hauna neno, ukwangue. Sabuni iliyo laini yenye mafuta yanayochuruzika kwa kawaida ilikorogwa muda mfupi au kostiki yake ilikuwa imechakaa. Hatari iko kwenye kipande ambacho ukikikata unakuta mabonge meupe magumu ndani, au vishimo vyenye majimaji. Hayo majimaji ni kostiki yenyewe. Usiyaguse kwa mkono mtupu, na uache kabisa tabia ya kuonja sabuni kwa ulimi ili kujua kama imeiva, kwani karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha ukali, zipo: sabuni nzuri iliyoloweshwa husoma kati ya 9 na 10, na ikipanda 11 isimguse mtu.

Wengine huniambia kwamba ikikaa itapoa. Kuikausha wiki 4 hadi 6 ni lazima, na ndani ya muda huo maji hupungua na kostiki iliyokuwa bado inafanya kazi humalizana na mafuta. Kostiki iliyozidishwa tangu mwanzo haina mafuta ya kumalizana nayo, basi itabaki mle hata ukiiweka mwaka. Sabuni ya namna hiyo ikwanguliwe, iyeyushwe upya na kuongezewa mafuta, au itupwe. Isiuzwe kwa bei ya chini kwa watu wasiojua. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya utengenezaji wa sabuni, na tangu 2019 usajili wa vipodozi umehamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo anayetaka kuuza sabuni ya kuogea ana pa kuanzia.

Sabuni kali si ndiyo inayomaliza vipele vya mtoto?

Hapana. Sabuni inayowasha haitibu kitu, inaondoa tabaka la juu la ngozi, na vipele hurudi vikiwa na vidonda. Mtoto mchanga aoshwe kwa maji ya uvuguvugu, na vipele visivyoisha viletwe kliniki.

Nilirukiwa jichoni juzi. Maumivu yamepungua, ila naona kama kuna ukungu. Nisubiri?

Usisubiri. Maumivu kupungua si dalili ya kupona, kwa sababu jicho lililoungua sana linaweza kupoteza hata hisia za maumivu, na ukungu unaouona unaweza kuwa ni kioo cha jicho kinachobadilika. Osha tena kwa maji, usitie dawa ya macho ya jirani wala uliyobakiza mwaka jana, na nenda leo hospitali yenye mtaalamu wa macho. Sema wazi kwamba ni kostiki soda na taja siku iliyoingia, ili usipangwe foleni pamoja na wenye macho mekundu ya kawaida.