Rangi peke yake haitengi aina za minyoo

Bukavu, wengi wanaovua kwa ndoano kando ya Ziwa Kivu huamini kwamba nyungunyungu mwekundu na yule aliyepauka ni aina mbili. Huenda ikawa hivyo, lakini rangi haithibitishi: hubadilika kwa umri, hata kwa udongo aliomeza. Wanaochunguza jamaa zake wa baharini, minyoo wenye nywele ngumu ubavuni, hawaitegemei pia, kwani hufifia mnyoo akihifadhiwa kwenye pombe. Hutazama kwa hadubini umbo la nywele hizo, taya, na siku hizi vinasaba.

Nyungunyungu naye ana vinywele vya namna hiyo; jaribu kuvisikia nyumbani, redio ikizimwa. Muweke nyungunyungu juu ya karatasi kavu, utege sikio. Akitambaa utasikia mkwaruzo mwembamba: ndivyo vinywele vyake, kwa wengi vinane kila pingili. Kisha mrudishe udongoni kabla hajakauka.