Je, wajua kwa nini barabara huchafua mto kuliko msumeno?

Misitu mingi ya umma ina kazi mbili: kutoa mbao na kulinda vyanzo vya maji. Marekani iliziandika zote mbili katika sheria ya misitu ya taifa ya mwaka 1897. Wengi hudhani kazi hizo hugongana pale mti unapoangushwa. Mara nyingi hugongana barabarani.

Mti ukikatwa, kisiki na mizizi hubaki vimeshika udongo, na majani makavu huendelea kuufunika, hivyo mvua hupenya. Gogo likiburuzwa na trekta, tabaka hilo la majani huchunika na udongo hushindiliwa. Maji yakikosa pa kuzama hufuata alama za magurudumu, hushika kasi na kupeleka tope mtoni.

Ndiyo maana njia huchorwa kwenye ramani kabla mti wowote haujatiwa alama ya kukatwa. Barabara hupitishwa juu migongoni mwa vilima, mteremko wake usizidi asilimia 10 inapowezekana, na ivuke vijito mara chache. Kando ya mto huachwa ukanda usioingiwa na mashine, mara nyingi mita 15 hadi 30, na mpana zaidi penye mteremko mkali. Ardhi ikilowa, kuburuza kusimame. Safari chache tu za trekta kwenye udongo mbichi zinatosha kuuharibu kwa miaka.

Kazi inayopuuzwa zaidi, na inayostahili usimamizi mkali kuliko zote, huja baada ya gogo la mwisho kuondoka. Njia za kuburuzia huwekewa matuta ya kuchepusha maji, yaliyolazwa mshazari kwa nyuzi 30 hivi. Penye mteremko wa asilimia 5, tuta moja kila mita 40 hivi. Wa asilimia 10, kila mita 25. Tuta lililokingama moja kwa moja hutuamisha maji hadi likapasuka. Mdomo wa tuta, maji yanapotokea, uelekee kwenye majani na matawi, kamwe usielekee kijitoni. Makalvati, yaani mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara, nayo yasafishwe: likiziba moja, maji hupanda juu ya barabara na kuikata.

Kwenye miteremko mikali kuna hatari nyingine ya baadaye. Visiki visivyochipua huoza mizizi, na kwa miaka kadhaa miche huwa bado haijaweza kushika udongo, hivyo maporomoko huongezeka. Huko heri kuvuna miti michache michache.

Dhamana ya mvunaji, yaani fedha anazoweka kuhakikisha atamaliza kazi ipasavyo, isirudishwe siku anapoondoa mashine. Ingoje mvua kubwa ya kwanza, kisha mkaguzi apite njia nzima kwa miguu.