Je, wajua? Kuna kufuli ambalo hata mwizi anaruhusiwa kuliona

Watoto wa pwani wana mchezo wa siku nyingi uitwao kinyume. Silabi ya mwisho inarushwa mbele: mbuzi anakuwa zimbu, na "twende sokoni" inakuwa "ndetwe nisoko". Asiyeujua hubaki ameduwaa. Lakini mwambie kanuni mara moja tu, siri yote imekwisha.

Maandishi ya siri yaliugua ugonjwa huohuo kwa karne nyingi. Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, alisogeza kila herufi hatua tatu. Karne ya 9, huko Baghdad, mwanazuoni Al-Kindi akaonyesha kwamba hata hakuna haja ya kuambiwa kanuni: hesabu tu alama zinavyojirudia. Jaribu kwa Kiswahili. Katika karibu ukurasa wowote, A huwaacha wenzake mbali, kwa hiyo alama iliyozidi katika ujumbe wa siri huenda ndiyo A.

Shida kubwa zaidi ilikuwa ufunguo. Juma yuko Mwanza, Asha yuko Mombasa, hawajawahi kuonana. Asha akimtumia Juma ufunguo, anayedukua barua zao anaupata pia.

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wa chuo cha MIT Marekani, waligeuza mambo: Asha asitume ufunguo, atume kufuli likiwa wazi. Yeyote anaweza kulibana. Ufunguo haujatoka kwake. (Mwingereza Clifford Cocks alikwishaligundua jambo hilo mwaka 1973, ila alikuwa mtu wa ujasusi, na siri yake ilitangazwa mwaka 1997!)

Kufuli lenyewe ni hesabu ya baki. Asha anachagua namba tasa mbili, yaani zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Tuseme 2 na 11. Akizizidisha anapata 22. Anatangaza 22, pamoja na 3.

Juma anataka kutuma 4. Kwa kuwa Asha ametangaza 3, anaandika 4 mara tatu na kuzizidisha, 4 × 4 × 4, anapata 64. Anagawa kwa 22, inabaki 20. Anatuma 20.

Asha ana namba ya siri, 7. Anaandika 20 mara saba na kuzizidisha: 1,280,000,000. Anagawa kwa 22. Baki? 4!

Hiyo 7 imetoka wapi? Asha alipunguza moja kwenye kila namba tasa, akapata 1 na 10, akazizidisha: 10. Kisha akatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 3, halafu ukagawa kwa 10, inabaki 1. Saba mara tatu, ishirini na moja. Asiyejua 2 na 11 haipati ile 10, na bila 10 hana 7.

Bila shaka 22 mwizi anaivunja akipiga miayo. Ila nikikupa 8,633 utafute namba tasa zake mbili, utahangaika kidogo, ingawa 89 × 97 ungeizidisha kwa dakika moja. Wale watatu walitoa namba ya tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayefumbua ujumbe wake. Ilivunjwa mwaka 1994, na mamia ya watu waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti. Kufuli za leo zina tarakimu zaidi ya 600, na hadi sasa hakuna aliyethibitisha kwamba njia ya mkato haipo.