Chuo hakikunifundisha kufunga nondo

Kikao cha harusi ya binamu yangu kilikuwa kimefika kwenye ahadi za michango pale baba mdogo aliponigeukia mbele ya wajumbe wote. "Huyu mwanangu ni injinia wa Mlimani," akasema, akimaanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikosoma, "lakini mpe nondo aifunge, hawezi. Pale wanasomeshwa nadharia tupu." Watu wakacheka. Nikanyamaza kwa heshima yake. Maneno hayo nimeshayasikia kwenye daladala, msibani na kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Leo nayajibu kwa maandishi, maana kila mwaka yuko kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayeyaamini, na mzazi wake anayeyaamini zaidi.

Ni kweli kwamba fundi wa baba mdogo anafunga nondo kuliko mimi. Anazungusha waya mara mbili, anakata, anasogea, na macho yake yako kwingine kabisa. Chuo hakikunifundisha hilo, na hakikupaswa kunifundisha. Nchi hii ina majina matatu ya kazi zetu: fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi. Uwiano tunaoutaja siku zote ni mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi mchundo 25. VETA ipo, vyuo vya ufundi vipo, na kazi yao ni kubwa. Lakini saiti ambayo yule mmoja naye amechuchumaa anafunga nondo pamoja na wale 25 haina mtu wa kuangalia nondo zenyewe zimewekwa wapi.

Zimewekwa wapi. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Siku iliyofuata baada ya kikao nilipita Goba kwenye nyumba ya baba mdogo, kwa kuwa zege la ghorofa lilikuwa limwagwe Jumatano. Ramani ilikuwa na balkoni ya mita 1. Mama mdogo alitaka pa kuweka meza na viti, wakaivuta ikawa mita 1.5. Fundi, mtu wa miaka zaidi ya 20 kwenye kazi hii, akaongeza nondo kwa nusu ya zile za mwanzo. Urefu umeongezeka nusu, na nondo nusu. Kwa macho ni hesabu ya haki kabisa. Na zote alikuwa amezilaza chini, karibu na mbao, kama alivyozilaza kwenye slabu ya ndani.

"Fundi, hizi inabidi tuzipandishe juu," nikamwambia.

"Injinia, nimezilaza hivi miaka yote."

Nikaomba sponji ya kuoshea vyombo kwa mama lishe anayewapikia vijana. Nikachora mistari ya wima ubavuni kwa kalamu. Nikailaza juu ya matofali mawili, nikabonyeza katikati: mistari ikaachana kwa chini. Kisha nikaibana upande mmoja kwenye ukingo wa tofali, upande wa pili ukiwa hewani, nikabonyeza ncha: mistari ikaachana kwa juu. Fundi akaichukua, akabonyeza mwenyewe. Akabonyeza tena. Halafu akawageukia vijana wake: "Fungueni."

Zege linabeba mgandamizo vizuri sana, ila mvutano linaubeba kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya huo mgandamizo. Mistari inapoachana ndipo zege litakapopasuka, na nondo inatakiwa hapo hapo. Slabu iliyokaa juu ya kuta mbili inavutika chini, basi nondo zake kuu zinakaa chini. Balkoni iliyoshikwa upande mmoja inavutika juu. Ukiijaza nondo kwa chini umenunua chuma cha bure.

Na ile nusu kwa nusu? Uzito ukiwa ule ule kwa kila mita na unene usipobadilika, momenti, yaani nguvu ya kuipinda balkoni, pale ukutani huenda kwa kipeo cha pili cha urefu: 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Nondo zilitakiwa zizidi mara mbili na ushei. Kuinama kwa ncha huenda kwa kipeo cha nne, yaani karibu mara 5. Nusu mita tu ya meza na viti! Jicho halioni kipeo cha nne, hata likiwa na miaka 20 ya kazi. Balkoni zote za mita 1 alizowahi kujenga yule mzee zimesimama na uzoefu wake ni wa kweli, lakini hauna la kumwambia kuhusu mita 1.5 mpaka ya kwanza ianguke.

Nadharia ndiyo inayosema kabla haijaanguka. Naomba anayeita hiyo "nadharia tupu" anionyeshe pale Goba ilikoishia na vitendo vilikoanzia, maana mimi sipaoni.

Tena ukishazipandisha juu, kazi haijaisha. Chukua slabu ya milimita 150, nondo za milimita 12, na zege la kufunika nondo la milimita 25. Kutoka uso wa chini hadi katikati ya nondo una milimita 119, na nguvu ya balkoni inatokana na kimo hicho. Kijana wa ndoo akizikanyaga zikashuka milimita 40, umebaki na 79. Theluthi ya nguvu imekwenda, na hakuna atakayejua, kwa sababu zege limeshafunika. Ndiyo maana mwanafunzi anayekuja kwangu kwa PT (mafunzo kwa vitendo), siku ya kumwaga zege namsimamisha pale balkoni na kazi moja tu: kuangalia miguu ya watu. Wengine huona nimewapa kazi ya mlinzi. Nawaeleza zile milimita 40, wanaanza kupiga kelele wenyewe.

Kuna na lile la pili, kwamba chuo kikubwa cha utafiti hakimfai mwanafunzi wa uhandisi kwa sababu maprofesa wako na tafiti zao. Historia naipita haraka: Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973, na 2001 kiliungana na IPI, taasisi iliyokuwa ikibuni mashine na zana, ikazaliwa CoET, Chuo cha Uhandisi na Teknolojia. PT ya wiki nane huja mwisho wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kwa hiyo anayesema pale hakuna vitendo hajauliza.

Lakini utafiti wenyewe una faida gani kwa kijana wa mwaka wa tatu? Nina jibu moja, na limekaa nami miaka yote. Zege tulilisoma kwa BS 8110, kanuni za Waingereza ambazo wao wenyewe waliziondoa 2010 wakahamia za Ulaya. Mle kuna fomula ya uwezo wa zege kuhimili shia, yaani nguvu ya kukata, na inaanza na 0.79. Mwenzetu mmoja wa viti vya nyuma akauliza: 0.79 imetoka wapi? Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kuvunja bimu maabara kwa mikono yake. Akafuta ubao wote, akachora grafu, akaijaza nukta zilizotapakaa kama mtama uliomwagika sakafuni. "Kila nukta ni bimu ambayo mtu aliitengeneza, akaisubiri ikomae, akaivunja," akasema. Akapitisha mstari katikati ya zile nukta. Nyingine zikabaki juu, nyingine chini. "0.79 ni huu mstari. Na hizi za chini ni bimu zilizovunjika kabla ya mstari kusema zitavunjika." Kisha ndipo akatuonyesha kwa nini jibu linagawanywa kwa 1.25, yaani linapunguzwa ili ibaki akiba ya usalama.

Tangu siku hiyo sijaitazama fomula kama aya iliyoshuka. Najua ni makubaliano ya watu waliovunja vitu, na najua baadhi ya vitu vilivunjika mapema. Mwalimu ambaye hajawahi kuvunja bimu angetwambia tuikariri, itakuja kwenye UE, mtihani wa chuo.

Mashaka ninayo, na sitayaficha. Katika vyuo vya utafiti mwalimu hupanda cheo kwa machapisho, na si kila mwenye machapisho atafuta ubao kwa ajili ya swali la kijana wa nyuma. Mtu anaweza kusaga paspepa, mitihani ya miaka ya nyuma, usiku na mchana akatoka na GPA ya 4.4, daraja la kwanza kabisa. Nimefanya kazi na mmoja wa namna hiyo: alipiga hesabu ya nondo bila kosa hata moja, ila hakuuliza balkoni imeshikwa upande gani. Kwenye PT yangu moja kampuni iliniweka kwenye mashine ya fotokopi wiki nne kati ya nane, na logibuku ikasainiwa vizuri tu. Kubwa kuliko yote, sijui kama busara ya kazi hii inafundishika darasani. Ile mistari ya sponji niliisoma mwaka wa kwanza na nikaijibu vizuri kwenye mtihani, lakini iliniingia mwilini nilipokuwa kwenye mradi wangu wa tatu. Huenda ndiyo sababu Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimwiti mhitimu mhandisi mtaalamu siku ya mahafali. Inamtaka kwanza awe na miaka isiyopungua mitatu kazini. Je, bila lile darasa la mwaka wa kwanza ningeiona ile balkoni? Naamini nisingeiona. Kuthibitisha siwezi.

Pale Goba, nondo zilipokwisha kupanda na kuongezwa, fundi alinishika mkono akanipeleka chini ya slabu. "Injinia, umeangalia juu. Njoo uone hii mirunda miwili." Ilikuwa imesimama juu ya kifusi kilichojazwa wiki ileile, na mawingu yalikuwa yamefunga. Mvua moja tu, ingezama na ncha ya balkoni ingeshuka kabla zege halijashika. Nilikuwa nimepita pale mara tatu nikikagua usawa wa mbao, na udongo sikuutazama. Tukachimba mpaka ardhi ngumu, tukaweka mbao pana chini ya kila mrunda.

Zege lilimwagwa Jumatano, na mwanafunzi wangu wa PT alisimama pale balkoni toka asubuhi hadi jioni. Leo ni siku ya 11. Mirunda imekodiwa kwa siku, kwa hiyo baba mdogo ananipigia kila asubuhi kuuliza kama inaweza kutoka. Namwambia, "Shikamoo baba, ya ndani tutaongea, ya balkoni hadi siku ya 28."