Ile "-nge-" ya namba ya uoksidishaji

Juzi nimesikia tena, kwenye darasa la tuisheni: "Ndani ya pamanganeti ya potasiamu mna ioni ya manganizi yenye chaji saba." Hamna. Mle mna ioni, yaani chembe yenye chaji, ya potasiamu, na ioni ya pamanganeti, MnO₄⁻, ambayo nzima nzima ina chaji moja tu, hasi.

Hiyo saba ni namba ya uoksidishaji, yaani chaji ambayo atomu ingekuwa nayo kama elektroni zote inazochangia na jirani yake zingepewa yule anayevuta zaidi. Potasiamu +1, oksijeni nne kwa −2 ni −8, jumla ya KMnO₄ lazima iwe sifuri, basi manganizi inabaki na +7. Hesabu imeisha.

Tatizo ni hiyo "ingekuwa". Kiswahili kimetupa "-nge-" bure, nasi tunaidondosha njiani na kusema "ina". Chukua shamba la ubia: mnalima wawili, mnavuna wawili, ila karani anaandika magunia yote kwa jina la mwenye nguvu. Anayesoma daftari atadhani mwenzake kafilisika, kumbe wanakula sahani moja. Manganizi na oksijeni ndivyo walivyo. Asiyeamini apige hesabu ya Fe₃O₄, madini ya sumaku: kila chuma kinapata +8/3. Nani amewahi kuona theluthi mbili ya elektroni ikihama? Ni wastani tu, wa chuma viwili vya +3 na kimoja cha +2.

Jina lenyewe, uoksidishaji, nalo linapotosha, maana limetoka kwenye oksijeni. Mkemia Mfaransa Lavoisier aliunda neno oksijeni kwa Kigiriki, "oxys", yaani kali kama siki, na "kuzaa", akiamini ndiyo mzazi wa asidi zote. Mwaka 1810 mkemia Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kuwa klorini ni elementi, hivyo asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina halikubadilika. Ndiyo maana wapo wanaobisha kwamba sodiamu ikiungua ndani ya klorini haijaoksidishwa, ilhali imepoteza elektroni, na kuoksidishwa ndiko huko kupoteza. Na ndani ya OF₂ oksijeni yenyewe ni +2, kwa sababu florini inaishinda kuvuta!

Daftari, hata hivyo, lina kazi yake. Pamanganeti ikikumwagikia vidoleni, zambarau hugeuka kahawia usiyoisugua ikatoka: manganizi imeshuka kutoka +7 hadi +4, na daftari linakuambia elektroni tatu zimeingia kwa kila atomu.

Kwa hiyo mwalimu wangu, andika +7, alama ikitangulia, au VII ya Kirumi kwenye jina. 7+ tuiachie ioni iliyopoteza elektroni saba kweli, na kwenye chupa ile ya zambarau hutaikuta.